Upande wa Leithi Nisioutazama

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kugusa swichi. Nilipewa tambara, debe la mafuta taa na mashine moja chafu, nikaambiwa nisafishe. Nilikuwa nimetoka nyumbani na shati jeupe alilolipiga pasi mama yangu, kwa sababu niliposikia nimepata kazi kiwandani nilidhani nitapewa meza na kiti. Kufikia saa nne shati lilikuwa rangi ya grisi, na sidhani mama alinisamehe.

Kiwanda kilikuwa cha saruji, si mbali na hapa Kitengela ninapoandikia. Wakati huo Kitengela ilikuwa maduka machache kando ya barabara, na asubuhi ungesubiri nyumbu wapite ndipo uvuke. Mashine niliyopewa ilikuwa leithi. Kwa msomaji ambaye hajawahi kuiona, leithi ni mashine ya kukereza chuma. Chuma hushikwa na meno ya kitu tunachokiita chaki, kinazungushwa, na kisu kinakisogelea pole pole na kukimenya hadi kifike unene unaoutaka. Kisu hukaa juu ya kibebeo, na kibebeo hutembea juu ya kitanda, yaani zile reli mbili za chuma zilizonyooka kutoka mwanzo wa mashine hadi mwisho wake. Ukishika maneno hayo matatu, chaki, kibebeo na kitanda, utanielewa hadi mwisho.

Ninawaandikia nyinyi mafundi mnaoanza sasa, na sitaki mdhani nimekuja kujisifu. Nitaeleza tulivyofanya kazi, ndiyo, lakini ninaelekea mahali pamoja. Kuna mwanamke wa Kajiado anayeitwa Naserian, fundi wa pampu za visima, ambaye alichukua leithi kuukuu isiyo na jina kwa sababu mimi nilimwambia aichukue. Baba yake alitoa mitamba yake, ng'ombe wachanga ambao bado hawajazaa, kwa neno langu. Kama neno hilo lilikuwa baya, visima vitatu na mifugo ya watu wengi vilikuwa mashakani, na Naserian angerudi kuwa mtu wa kuulizwa na kila mmoja, nani alikutuma kununua vyuma?

Basi turudi kwenye shati jeupe. Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Msimamizi wa Karakana, mtu mfupi mwenye sauti ndogo ambayo ilibidi uinamishe kichwa kuisikia, na nadhani alipenda hivyo. Aliniweka nikisafisha ile leithi wiki nzima. Siku ya tano nikamuuliza nitaanza kazi lini.

"Hii ndiyo kazi," akasema. "Hiyo shimo ndogo ya mafuta hapo nyuma ya chaki, uliiona siku gani?"

"Leo, Bosi."

"Siku nne umeipanguza na hukuiona. Endelea."

Nilimchukia kidogo. Lakini wiki ya pili nilikuwa naijua mashine ile kwa vidole, na aliponiachia niiwashe sikuogopa. Pale tulikereza bushi, pini na boliti, vitu vya urefu wa kiganja. Bushi ni ule mkono mdogo wa shaba unaovaa ndani ya tundu ili chuma kisisagane na chuma. Kitu chochote kirefu kupita mkono wa mtu kilipelekwa nje kutengenezwa. Hilo nililiona ni jambo dogo, na nikakaa nalo miaka arobaini bila kulifikiria.

Kutoka hapo nilienda Nairobi, upande wa viwanda, kwenye karakana ya vipuri vya malori. Huko nilikuwa chini ya Meneja, mtu mkubwa wa mwili na wa hasira, ambaye alipenda mashine kuukuu jinsi wengine wanavyopenda viatu vya mitumba. Kila kiwanda kilipofungwa, alitaka kwenda kuona kilichobaki, na alinibeba mimi. Hapo ndipo nilipojifunza kuitambua mashine ambayo mwenyewe hawezi kukuambia ni nini.

Leithi nyingi za mitumba hazina kibao. Kibao ni kile kipande cha shaba chenye jina la waliounda mashine na nambari yake, na mara nyingi utakuta matundu mawili ya ribiti tu mahali kilipokuwa. Watu hubandua kibao kwa sababu nyingi. Wengine wanauza shaba. Wengine wanataka udhani mashine ni ya juzi. Wengine hawataki ujue ilitoka wapi, na muuzaji wa namna hiyo Meneja alimkimbia bila kuaga. Lakini mashine ina njia nyingine za kujitambulisha. Unafungua boliti moja: kama spana za inchi ndizo zinakaa sawa, basi ni ya zamani kutoka Uingereza au Marekani, kama ni za milimita, unafikiria kwingine. Unasoma alama zilizochongwa kwenye mikono ya kuzungusha. Unakwangua rangi mahali pasipoonekana na kuhesabu rangi zilizo chini yake, maana kila mwenye mashine huipaka yake. Unapapasa chini ya kitanda, huko ambako hakuna aliyepiga rangi, kutafuta nambari iliyomiminwa pamoja na chuma chenyewe.

Hiyo ni kuijua. Kuipima ni kazi nyingine. Wauzaji walikuwa na ujanja wao: rangi mbichi, au grisi nzito iliyojazwa kwenye gia ili zisilie. Meneja alikuwa akisema, "Mwangi, wacha kuitazama kama bibi harusi. Iguse." Nami niliigusa. Niliingiza kipande cha mbao chini ya chaki na kuiinua, nisikie kama mhimili wake unacheza. Nilizungusha mikono mbele na nyuma nione ni kiasi gani inazunguka bure kabla ya kisu kusogea. Halafu, na hapa ndipo nilipopata jina, nilipitisha ukucha wa kidole gumba juu ya kitanda, hapo karibu na chaki. Kitanda huisha hapo kwanza, kwa kuwa hapo ndipo kibebeo hushinda kikienda na kurudi. Kikiwa kimelika, ukucha hukwama kwenye ukingo mdogo, mwembamba kuliko karatasi. Ukucha wangu haukuwahi kukosea. Wakaniita Ukucha, na nikalivaa jina hilo bila aibu.

Nilipoacha kuajiriwa nilijenga kibanda changu hapa Kitengela, nikaweka leithi yangu mwenyewe, fupi na safi. Watu walikuja kunichukua kutoka Kiserian, Rongai, hata Nkoroi, niwatazamie mashine kabla hawajainunua. Nikifika, wanakaa kimya. Napenda kusema ukweli: nilipenda ule ukimya. Nilivaa miwani pole pole makusudi.

Naserian alikuja kibandani siku moja asubuhi, akiwa na shafti ya pampu iliyopinda, ndefu kumpita yeye mwenyewe. Shafti ndiyo fimbo ya chuma inayozungusha pampu ya kisima. Mkononi alikuwa na shanga na kwenye kucha alikuwa na grisi, nikampenda hapo hapo.

"Mzee, unaweza kunitengenezea hii?"

"Leithi yangu ni fupi, binti yangu. Hii haiingii."

"Hata ya wengine hivyo hivyo. Napeleka mpaka Nairobi. Inakaa huko wiki mbili, tatu. Na ng'ombe wamesimama kwa kisima wanaangalia bomba." Akaiegemeza shafti ukutani. "Kuna mashine moja huko kwetu, kwa stoo ya jirani. Alinunua shamba na hiyo kitu ikiwa ndani. Hajui ni nini. Haina jina. Baba yuko tayari kutoa mitamba, lakini amesema hatoi mpaka mtu anayejua aiangalie."

"Mitamba mingapi?"

"Wale wazuri," akasema, na hakutaja zaidi.

Tulienda Kajiado juma lile lile. Baba yake, Mzee Lemayian, alitupokea langoni kwa jirani. "Sopa," akanisalimu kwa Kimaasai, nami nikajibu "Epa," akacheka jinsi nilivyolitamka. Ni mzee wa rika langu, mrefu, mwenye koti la suti juu ya shuka. Tukaingia stoo.

Leithi ilikuwa nzuri. Hata sasa nasema ilikuwa nzuri. Ndefu, nzito, kitanda chake karibu urefu wa gari dogo. Kibao hakuna, matundu mawili tu. Nikafungua boliti, inchi. Nikakwangua nyuma ya mguu, nikapata kijani, chini yake kijivu, chini yake nyekundu ya zamani. Nikapapasa chini nikapata nambari, nikawaambia ni mashine ya Uingereza, ya enzi ambazo chuma kilimiminwa bila haraka. Naserian alikuwa anaandika kila nisemalo kwenye daftari. Baba yake alisimama mlangoni, mikono juu ya fimbo.

Nikainua chaki kwa kipande cha mbao. Imara. Nikazungusha mikono. Inacheza kidogo, kama inavyotakiwa kwa umri wake. Nikapitisha ukucha kwenye kitanda hapo mbele ya chaki, nikarudia mara tatu. Laini. Nilishangaa mashine kuukuu hivyo kuwa laini hapo, na mshangao huo ungenitosha kuwa onyo, lakini niliuchukua kama zawadi. Tukavuta umeme, nikakereza kipande kifupi cha chuma, kikatoka sawasawa mwanzo hadi mwisho. Juu ya rafu nikaona hata steadi yake ipo. Steadi ni pete yenye vidole vitatu inayofungwa juu ya kitanda ili kushikilia chuma kirefu kisiyumbe. "Hata steadi mnayo!" nikasema. "Watu hutafuta hii hawaipati."

Nusu ya pili ya kitanda, ule upande wa mbali na chaki, ilikuwa chini ya marobota ya nyasi. Jirani alikuwa ameyapanga hapo mpaka darini.

Naserian akauliza, "Mzee, tutoe hii nyasi uone na huko?"

"Iache. Huko hakuna mtu hufanya kazi. Kitanda huliwa huku mbele."

"Baba akinunua ng'ombe humzunguka mpaka nyuma."

"Ng'ombe ana nyuma," nikamwambia. Jirani akacheka. Naserian akatabasamu, akafunga daftari.

Mzee Lemayian akauliza neno moja tu kutoka mlangoni. "Iko sawa?"

"Iko sawa."

Akageuka, akaenda zizini kwake kuonyesha mitamba. Hakuniuliza mara ya pili. Mtu kama huyo hukuamini mara moja, na inabaki hivyo mpaka umwonyeshe vingine.

Miezi ilipita. Nilikuwa nimeshaanza kuwaambia watu kwamba nastaafu, kwa kuwa macho yalikuwa yanachoka, na kwamba hiyo ya Kajiado ndiyo ilikuwa ya mwisho na nzuri kuliko zote. Nililisema hili kanisani, nikalisema dukani. Kisha Naserian akanipigia simu mchana.

"Mzee, shafti imetoka vibaya. Hii ni ya pili."

"Vibaya namna gani?"

"Mwisho wake, pale beringi inakaa. Huku nene, huku nyembamba. Kidogo tu, kama unywele. Beringi inacheza, inashika moto, pampu inasimama. Ya kwanza nilisema ni mimi nimekosea. Ya pili nimeifanya pole pole siku nzima." Beringi ni ile pete ya chuma inayoishika shafti ikizunguka.

"Ulifunga kisu vizuri?"

"Nilifunga."

"Labda chuma chenyewe..."

"Mzee," akasema, bila ukali, "kisima cha pili kimesimama. Kimebaki kimoja. Watu wameanza kuhamisha ng'ombe. Njoo uangalie."

Nilifika kesho yake. Leithi sasa ilikuwa kwenye kibanda chake cha mabati nje kidogo ya mji, imefungwa vizuri chini kwa simiti, imepanguzwa ikang'aa. Hakuna nyasi. Aliniletea kiti, sikukaa. Nilienda moja kwa moja upande wa mbali wa kitanda, nikapitisha ukucha. Ukakwama.

Nikakaza skrubu ya kibebeo kikiwa karibu na chaki hadi kikawa kigumu kidogo, halafu nikakizungusha kuelekea mwisho. Kilipofika nusu kikaanza kulegea. Kilipofika mwisho kilikuwa kinacheza kama jino la mtoto. Chini ya kibebeo, chuma kilikuwa kimelika bonde zima. Nikachukua ile steadi niliyoisifu, nikatazama vidole vyake vitatu. Vilikuwa vimesagika karibu viishe. Vidole vya steadi haviishi hivyo ila kwa miaka mingi ya kushika shafti ndefu, na mtu akishika shafti ndefu chaki huku, steadi huko, kisu chake hufanya kazi huko kwenye steadi, mwisho wa kitanda. Mashine ile ilikuwa imetengeneza shafti maisha yake yote. Ushahidi ulikuwa juu ya rafu, nikausifia.

Mashine zote nilizopima miaka yote hiyo zilikuwa za kukereza vitu vya urefu wa kiganja. Zote zilikuwa zimelika mahali pamoja, nami nikadhani mahali hapo ni sheria. Na huyu binti alikuwa ananunua mashine kwa kazi ile ile iliyoila.

"Ni mimi," nikamwambia. "Mashine imelika huku. Siku ile ulitaka tutoe nyasi, mimi nikakataa. Si kosa lako, ni langu."

Halafu akasema jambo ambalo lilinichoma kuliko matusi. "Niliona huo mstari tukiibeba. Niliugusa na kidole. Nikajiambia, Mzee amesema iko sawa, basi mimi ndio sijui kuangalia."

Nimekosea mambo mengi, na chuma kilichoharibika hutupwa ukachukua kingine. Lakini kumfanya mtu mwenye jicho zuri aache kuliamini jicho lake, hilo sikuwa najua naweza kulifanya, na nililifanya kwa kutabasamu. Niliona haya mpaka masikio yakawa moto.

Nikamwomba anipeleke kwa baba yake. Mzee Lemayian alikuwa nyumbani, amekaa na wazee wawili. Nikasema mbele yao wote, nimesimama, kwamba nilimwambia mashine iko sawa bila kuizunguka, kwamba upande mmoja umekufa, kwamba kuurekebisha kwa mkono ni kazi ya miezi mingi na mikono yangu haina tena miezi hiyo. Nikasema ile leithi yangu ya Kitengela, niliyokuwa nimeiweka iwe ya kunilisha uzeeni, ni ya Naserian kuanzia leo.

Mzee Lemayian alinitazama. "Hukuangalia nyuma?"

"Sikuangalia."

"Kwa nini?"

"Kiburi."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyejibiwa sawasawa. "Ile mitamba, mmoja ameshazaa huko. Mimi sirudi kudai. Na hiyo mashine yako, muulize mwenyewe kama anaitaka."

Nikamgeukia Naserian. Alikuwa anajizuia kucheka, Mungu ambariki.

"Mzee, asante sana. Lakini yako si ni ile fupi? Shafti haiingii. Ulinifukuza nayo siku ya kwanza."

Hata wale wazee wawili wakacheka, na mimi nikacheka, ingawa cha moto nilikuwa nakiona. Nilikuwa nimetoa kitu changu cha mwisho na hakikuwa na faida kwa mtu yeyote.

Tulirudi kibandani kwake. Nilikaa kwenye kile kiti sasa, mgongo unauma. Naserian akasimama upande wa chaki, akainama, akachungulia ndani yake. Mhimili wa leithi ni bomba, una tundu linalopita ndani yake hadi nyuma, na sisi tulilitumia kuingiza vyuma vifupi tu. Akachukua shafti yake moja, akaisukuma ndani ya tundu lile. Ikapita. Ikaenda hadi ikagonga ukuta wa mabati nyuma ya mashine.

"Huyo mwenye mashine wa zamani, lazima shafti zake zilikuwa nene zaidi," akasema, kama anaongea na mashine. "Hazingepita hapa. Ndio maana alikuwa anafanyia huko mwisho. Zangu ni nyembamba. Mzee, nikiipitisha hapa ndani, mwisho wa shafti si unatokea hapa, karibu na chaki? Hapa kitanda ni kizima."

"Ni kizima," nikasema. "Lakini ncha ya pili itatokea wapi? Kuna ukuta."

Alikuwa ameshaenda kutafuta mkasi wa mabati.

Alikata tundu ukutani, na shafti ikatokeza nje ya kibanda karibu hatua mbili. Nikamwambia ikizungushwa hivyo itajipiga kama kiboko na kuua mtu, na hapo angalau nilikuwa na faida, kwa sababu hilo nililijua. Tukahitaji kitu cha kuishika huko nje. Akaleta gogo la oloirien, ule mzeituni wa porini wanaochongea fimbo, mgumu ajabu. Tulilitoboa, tukalichimbia ardhini, tukapitisha shafti ndani yake na kulipaka mafuta ya kondoo. Kisha akakata matawi ya miiba akajenga kizizi kidogo kuzunguka shafti, kama boma la ndama, ili mbuzi na watoto wa majirani wasiisogelee. Miaka arobaini kazini, sijawahi kuona leithi yenye boma.

Tuliizungusha kwa mwendo mdogo kabisa. Gogo lilitoa moshi mwembamba wa nyama choma, likatulia. Yeye ndiye aliyekereza. Alipomaliza akachukua maikromita, kile kipimo cha unywele, akapima mahali patatu na kuandika kwenye daftari bila kunionyesha. Akanipa kipimo. Nikapima pale pale, nikataja nambari zangu, akageuza daftari. Zilikuwa sawa, na unene ulikuwa mmoja mahali pote patatu.

Shafti ilienda kisimani siku iliyofuata. Nilikaa pembeni na wazee wengine kwenye mawe. Ng'ombe walikuwa wamesimama, wamekonda, hawalii tena. Naserian alifunga beringi, akaikagua, akawasha. Pampu ya kisima kirefu haitoi maji mara moja. Unasikia injini na bomba limekauka tu, na kila mtu anajifanya anatazama kitu kingine. Nilihesabu pumzi zangu. Kisha bomba likakohoa, likatema matope, likatulia, na maji yakaja. Ng'ombe wakasukumana mpaka birika la kunyweshea likaonekana dogo. Naserian hakuangalia maji. Alikuwa ameweka mkono juu ya beringi akisubiri kama itapata moto, na alikaa hivyo mpaka kundi la kwanza lilipomaliza kunywa.

Mzee Lemayian alikuwa akiwaeleza wageni waliofika nani ametengeneza. "Binti yangu," akasema, akionyesha kwa fimbo. Mimi hakunitaja, na nilishukuru.

Nimestaafu sasa, kweli kweli. Mkiniuliza kazi hii ilinifundisha nini, nitawaambia kwamba bado naamini karibu kila nilichoandika hapo juu: boliti, rangi, mbao chini ya chaki, hata ukucha. Fanyeni hivyo vyote. Lakini kabla ya hayo yote, ulizeni mashine ilikuwa inatengeneza nini, na nyinyi mnataka kutengeneza nini nayo, na mtu aliye karibu nanyi akiuliza swali, mjibu kwa mikono, si kwa mzaha. Mimi nilikuwa fundi mzuri. Nilikuwa fundi mzuri wa vitu vifupi.

Juzi kijana mmoja alifika kwangu kutoka Kiserian. Kuna leithi kuukuu kwenye machimbo ya mawe huko, haina kibao, na amesikia kuna mzee Kitengela anaitwa Ukucha. Nikamwambia aende Kajiado amtafute Naserian, na amwombe kwa adabu kwa sababu ana kazi nyingi. Akaniuliza kama mimi mwenyewe siwezi kwenda. Nikamwambia nitaenda, nikiruhusiwa. Kuna mtu lazima ashike tochi.